Bajeti ya utafiti isiachiwe usiku wa mwisho

Mhariri,

Kila majibu ya maombi ya ufadhili yanapotoka, lawama ni ileile katika vyuo vikuu vyetu hapa Nairobi: wafadhili wa ng'ambo wanatubagua. Huenda ubaguzi upo. Hata hivyo, kwa miaka ambayo nimesaidia kuandaa mapendekezo ya utafiti nimeona kwamba mara nyingi tunajiangusha wenyewe, na tunapojikwaa zaidi ni kwenye bajeti.

Mwaka mmoja tuliomba fedha za kuchunguza usafi wa maji ya mifereji huko Mukuru kwa Njenga. Utangulizi tuliunoa kwa miezi miwili. Bajeti tukamwachia mhasibu, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa pendekezo, usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Aliandika "usafiri" na kutia jumla ya fedha, basi. Sasa, sampuli ya maji ya kupimwa bakteria wa kinyesi huwekwa penye baridi na inafaa ifike maabara ndani ya saa 6, na ikichelewa sana isizidi saa 24. Anayeijua kazi hiyo angetaja pikipiki, idadi ya siku na malipo ya kila siku, masanduku ya kuhifadhi baridi na barafu yenyewe, kisha aeleze kwa sentensi mbili kwamba gari la taasisi laweza kukwama Barabara ya Jogoo hadi barafu iyeyuke. Mtathmini ambaye hajawahi kufika Nairobi atayajuaje hayo tusipomwandikia? Tulinyimwa, na maoni tuliyoletewa yalisema kwamba gharama zetu hazikuoana na kazi tuliyoahidi. Sikuona ubaguzi hapo.

Masharti nayo hatuyasomi. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, zimezoea kuziruhusu taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, huku wafadhili wengine wakiwa na viwango vyao, lakini sisi hunakili bajeti ya mwaka jana na kubadilisha jina la mfadhili. Ratiba zetu pia huanza kukusanya data mwezi wa kwanza, kana kwamba kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa ruhusa ya kufanya utafiti, huokotwa njiani.

Kisa cha saa ndicho kinachoniuma zaidi. Tangazo la mfadhili mmoja wa Uingereza lilisema mwisho ni saa sita mchana, saa za London, ambayo kwetu ni saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi. Tulikuwa tayari saa saba. Mfumo ulitaka ofisi ya utafiti iidhinishe kwanza, na afisa mwenye nywila alikuwa ameenda kula.

Naziomba ofisi za utafiti ziweke siku yao ya mwisho juma moja kabla ya ile ya mfadhili, ziteue maafisa wawili wa kuidhinisha badala ya mmoja, na zimketishe mhasibu pamoja na watafiti tangu kikao cha kwanza, akiwa na pendekezo mkononi.

Msaidizi wa utafiti,
Kangemi, Nairobi