Kaka Shabani, huyo bundi msimchome

Morogoro, Jumapili usiku

Kaka Shabani,

Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu kwanza, salamu nyingine zitafuata. Huku wote wazima, mvua zimeanza kwa fujo, na Kidevu pampu hajarudisha mpaka leo. Ujumbe wako nimeupata, kwamba bundi kaingia darini mwa ghala, mama mkwe anasema ni uchawi, na mganga mmeshamwita. Hapo ulipotaja mafuta ya taa na kiberiti ndipo nilipoona simu haitoshi, bora nikuandikie. Huyo ndege msimchome. Kwanza ghala lenyewe lina kenchi za mbao, mtateketeza mahindi kwa ajili ya bundi?

Kwa ulivyomweleza, kifua cheupe, uso kama moyo, kichwani hana vishungi, na halii "huu, huu" bali anapiga ukelele kama shuka linachanwa, huyo ni babewatoto. Wenye vishungi viwili kama pembe ni bundi wengine. Na huko kukoroma mnakokusikia darini kuanzia magharibi hadi alfajiri si marehemu aliyerudi kudai ghala lake. Ni makinda wanalilia chakula. Jike hutaga mayai manne hadi saba hivi, na huanza kuatamia palepale linapotoka la kwanza, hangoji yatimie. Kwa hiyo yanaanguliwa kwa kupishana siku mbili tatu, ndiyo maana shemeji kaona mmoja mkubwa mwenye manyoya na mwingine kama kidonda chenye mdomo. Chakula kikiwa haba, yule mdogo hafiki mbali. Wakipata cha kutosha wote huruka wakiwa na wiki nane au tisa. Kama kukoroma kulianza wiki tatu zilizopita, basi mmebakiwa na mwezi na kitu. Vumilieni.

Sasa hiyo "mifupa ya uchawi" sakafuni. Hapa ndipo kesi yenu yote ilipo, nisikilize vizuri. Babewatoto anameza panya mzima mzima. Nyama inayeyuka tumboni, manyoya na mifupa inabaki, inabanwa kuwa kitonge cha ukubwa wa kidole gumba, kisha anakitapika. Kikiwa kipya ni cheusi na kinang'aa kama kimepakwa vanishi. Kikikauka kinakuwa kijivu na kuchambuka. Okota kumi kwa glavu au mfuko wa nailoni, loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, chambua kwa sindano juu ya gazeti. Fuvu lenye meno mawili marefu ya mbele, ya rangi ya chungwa, halafu pengo, halafu magego, hilo ni la panya. Lenye mdomo mrefu na meno makali yaliyofuatana bila pengo ni la kirukanjia. Kitonge kimoja hubeba mafuvu mawili matatu. Mpe mama mkwe ahesabu mwenyewe, halafu mkumbushe yale magunia yaliyotobolewa mwaka jana. Usimhubirie. Mwache ahesabu.

Simwoni mjinga, uelewe. Ndege mweupe kama sanda, anapita juu ya kichwa chako usiku na husikii hata upepo, nani asishtuke? Ukingo wa mbele wa bawa una meno laini kama kitana, na manyoya yake yamefunikwa malaika, yaani vinyweleo laini, ndiyo maana hatoi sauti. Masikio nayo hayako sawa, moja liko juu kuliko lingine, hivyo anajua panya yuko wapi hata gizani totoro. Mwaka 2019 bundi alipoonekana ndani ya Bunge kule Dodoma, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwatuliza wabunge kwamba kwa mila za pale bundi wa mchana hana madhara. Wa kwenu ni wa usiku, kwa hiyo hoja hiyo haitusaidii.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko kiberiti ni zile punje za bluu za sumu ya panya ulizosema umenunua. Soma pakiti. Ikiandikwa brodifacoum au bromadiolone, ziondoe. Sumu hizo huzuia damu kuganda, na panya hafi papo hapo. Huchukua siku tatu, nne, hata wiki, huku akiyumbayumba nje mchana na usiku. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kukamatwa. Bundi anampelekea kinda, kinda anavuja damu ndani kwa ndani, na ninyi mnaokota mzoga na kusema dawa ya mganga imefanya kazi. Tumia mitego ya kubana, chambo siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba, itegwe jioni kando ya ukuta na ikaguliwe asubuhi.

Wala nisikudanganye kwamba bundi atamaliza panya. Panya shamba jike ana chuchu hadi 24, hesabu mwenyewe. Bundi anapunguza tu. Bila kufyeka nyasi kuzunguka ghala na kufunga bati kwenye miguu yake, hata bundi kumi ni bure.

Kuwahamisha sasa hapana. Ila fundi aanze kutengeneza sanduku la bundi kuzalia. Plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 60, upana 45, kimo 60. Tundu la mlango sentimita 13 kwa 13, na liwe juu kabisa, ukingo wake wa chini uwe sentimita 45 kutoka sakafu ya sanduku. Mafundi wengi huliweka chini kwa sababu ni rahisi kukata, kisha makinda wanachungulia, wanaanguka, na mzazi kwa kawaida halishi kinda aliye chini. Akianguka mmoja sasa hivi, mrudisheni tu, harufu ya mkono haimsumbui mama yake. Matobo madogo madogo sakafuni ya kupitisha unyevu, mlango wa pembeni wa kusafishia wenye bawaba, ndani msipake rangi. Tandika maranda ya mbao, maana bundi hajengi kiota. Litundikwe mita nne juu au zaidi, karibu na pale walipo. Wakiisha kuruka, na mmehakikisha hakuna aliyebaki, zibeni upenyo wa dari. Nyuki nao hupenda masanduku hayo, kwa hiyo gonga kabla ya kufungua. Kinyesi kilowesheni maji kabla ya kufagia, na mfunge kitambaa puani.

Nilitaka nikuandikie pia habari za yule kuku wa Mama Zuhura, lakini ukurasa umekwisha.

Niambie: pakiti imeandikwa nini? Ulishatega punje ngapi, na wapi? Makinda ni wangapi wanaoonekana? Mganga mmeshamlipa au bado anadai? Mama mkwe akishahesabu, mafuvu ni mangapi? Na Kidevu ukimwona njiani, mwulize pampu ni ya nani.

Wako,
M.