Asilimia ifundishwe kwa sahani ya wali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu madarasa ya jioni ya watu wazima.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 41. Nilirudi darasani nijue kupiga hesabu za gharama, kuandika ankara na kuomba zabuni ya kushona sare za shule. Muhula mzima tumekariri sehemu za ua na kukokotoa mwendo wa treni. Mwalimu si mvivu, ila hajawahi kutuuliza tunafanya kazi gani. Tuko mama lishe wawili, dereva wa bodaboda, mlinzi wa usiku (huyu husinzia, simlaumu) na mimi. Asilimia ingetuingia siku ile ile kama mfano ungekuwa faida ya sahani ya wali maharage, au marejesho ya mkopo wa pikipiki.

Wala jambo hili si geni huku Mwanza. Kuanzia 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO ulitumia vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, uvuvi, migomba na ufugaji. Mkulima alijifunza herufi huku akisoma habari za shamba lake. Sisi leo tunapewa vitabu vya watoto.

Ombi langu: wiki ya kwanza ya muhula mwalimu apite tulipo, jikoni, kijiweni, kwenye cherehani, aone hesabu tunazopiga. Kwangu atakuta daftari la madeni.

Fundi Cherehani,
Mwanza