Mkopo wa nyumba kwa walio nje: karatasi zinaisha muda kabla faili halijafunguliwa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na najua sio langu peke yangu, hapa Buswelu tu, Mwanza, ninapokaa kuna nyumba tatu zimesimama kwenye lenta miaka na miaka, wenyewe wako nje, mmoja Oman wengine Uingereza.

Moja kati ya hizo ni ya mdogo wangu. Yeye ni nesi, yuko Leicester, na mwaka juzi alichoka kujenga kwa mtindo wa mwezi huu tripu ya mawe mwezi ujao saruji mifuko kumi, akasema bora nichukue mkopo wa nyumba nimalize niwe nalipa taratibu. Alianza kuuliza kulekule anakolipwa mshahara. Benki yake ikakataa, na ukikaa ukafikiri unawaelewa, rehani maana yake ukishindwa kulipa nyumba inauzwa, sasa benki ya Uingereza itakuja kuuza nyumba ya Buswelu kwa mahakama ipi? Akageukia benki ya hapa nyumbani inayotangaza mikopo ya diaspora, yaani Watanzania wanaoishi nje. Jina silitaji, sina nia ya kumchafua mtu.

Hapo ndo nikaingia mimi kama mwakilishi wake. Tulishukuru Mungu kiwanja kina hati miliki, kwasababu wenzetu wengi wana karatasi ya mauziano tu yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na ukienda nayo benki mazungumzo yanaishia palepale, hata kama mshahara wako ni mkubwa namna gani. Watu wa kule milimani Igogo na Mabatini wanalijua hili vizuri.

Basi tukaanza. Slipu za mshahara za miezi sita, mkataba wa kazi, pasi, kibali cha kuishi, taarifa ya akaunti, vyote alituma ndani ya wiki mbili. Halafu ikatakiwa hati ya uwakilishi ili mimi niweze kusaini huku kwa niaba yake, asaini mbele ya notari kule, yaani mwanasheria wa kuthibitisha saini, ithibitishwe ubalozini London, iletwe orijino maana skani hawapokei, ikifika Mwanza isajiliwe kwa msajili wa hati. Mtu anafanya zamu za usiku, kwenda London ni mpaka aombe ruhusa kazini. Ilituchukua miezi mitatu na zaidi. Siku naipeleka benki nimefurahi kama nimeshapewa funguo, ofisa mikopo anaangalia faili ananiambia mama, slipu hizi zimepitwa na wakati, lete mpya.

Tukaleta mpya. Akaja mthamini wa kukadiria thamani ya nyumba, tukamlipa, ripoti ikatoka. Ndipo tukaambiwa mke wa mdogo wangu naye aandike ridhaa. Hapa nieleweke vizuri Mhariri, sheria ya kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mwenza kukubali naiunga mkono kwa mikono miwili, nimeona wanawake hapa Mwanza wanatolewa nje na watoto kwa mkopo ambao hawakuwahi kuusikia. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia mwanzo! Wifi yangu anaishi nyumba moja na mume wake, angeenda kwa notari yuleyule siku ileile wakamaliza safari moja. Badala yake tukaanza upya, notari, ubalozi, kutuma, kusubiri, na ridhaa ilipofika ripoti ya mthamini nayo ikawa imeshavuka miezi sita, tukaambiwa ifanyike nyingine, kwa pesa yetu tena. Na mwisho kabisa wakasema kibali chake cha kuishi kimebaki chini ya mwaka, asubiri akihuishe kwanza. Faili likafungwa.

Hakuna mahali popote waliposema mshahara wake hautoshi. Hakuna!

Nitaje na mengine mawili kwa faida ya wasomaji wenye ndugu nje. La kwanza ni hesabu. Riba ya mikopo ya nyumba kwetu inacheza asilimia 15 mpaka 19, chukua milioni 80 kwa asilimia 17 kwa miaka 15, kila mwezi ni kama milioni 1 na laki 2 na elfu 30, ukijumlisha yote umelipa zaidi ya milioni 220. Na wewe unapata pauni au dola lakini deni ni la shilingi. Mwisho wa 2024 dola iliyokuwa inapita shilingi 2,700 ilishuka mpaka karibu shilingi 2,400 ndani ya miezi michache, sisi huku tulifurahi, lakini aliyekuwa analipa deni la hapa kwa mshahara wa dola ilibidi atoe dola nyingi zaidi kwa rejesho lilelile. Lazima mtu aache nafasi ya kupumua.

La pili ni pasi. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ukichukua wa nchi nyingine wa Tanzania unaondoka, na kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Serikali imeleta hadhi maalum kwa diaspora wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje na ni hatua nzuri, ila mtu aulize kwanza ndipo aape kuchukua uraia kule, asije akakuta kiwanja kimegeuka mgogoro.

Ombi langu kwa mabenki ni dogo. Mtu akija siku ya kwanza apewe orodha nzima, na ridhaa ya mwenza iwemo humo, na kibali kinatakiwa kibaki na muda gani iandikwe, ili asaini yote mara moja. Slipu na tathmini zihesabiwe kuanzia siku mlizopokea, maana safari ya karatasi kutoka London mpaka Mwanza sio kosa la mteja. Na ubalozi na ofisi za ardhi wangeweza kuthibitishiana kwa mtandao wenyewe kwa wenyewe, mbona mambo mengi serikalini siku hizi yanaenda kwa mtandao?

Mdogo wangu amehuisha kibali chake. Hati ya uwakilishi iko kabatini kwangu, orijino, imesajiliwa, na ya wifi iko pembeni yake. Benki ikiwa tayari mimi kesho asubuhi nazipeleka.

Msomaji wako,
Buswelu, Mwanza