Picha ya ufukwe iandikwe saa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Lakini ile makala yenu kuhusu fukwe za kokoto za Ziwa Tanganyika zilizojificha kusini mwa Ujiji, kuelekea Rasi ya Kabogo, siwezi kuinyamazia. Mwandishi kasifu maji maangavu na ukimya, kisha akawaambia wasomaji wakodi boti waende muda wowote.

Muda wowote! Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na ziwa lenye urefu wa kilomita 673 huyapa mawimbi nafasi ya kukua kabla hayajatufikia. Mara nyingi alfajiri maji yametulia, mchana yamechafuka. Boti ya kwenda huko iondoke kabla jua halijachomoza. Anayetoka saa tano atafika saa ambayo alipaswa kuwa ameshageuza. Mafuta nayo: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi isiguswe, maana huko simu inaweza kukosa mtandao.

Mwandishi hakujiuliza hata kwa nini pale kuna kokoto na si mchanga. Mito ya milimani hushusha mawe, mawimbi huyasugua na kuuondoa mchanga. Kwa hiyo ufukwe wa kokoto ni ufukwe unaopigwa. Tena una mteremko mkali: hatua chache tu na maji yako shingoni, mawe yanaserereka chini ya nyayo, wimbi linaporudi linazoa miguu. Kandambili hazifai, vaeni raba za kufunga kamba. Mtoto asiachwe aogelee peke yake.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu, na makala haikugusa kabisa. Nanga idondoshwe kwa nyuma boti ikiwa bado mbali, kama urefu wa boti tatu hivi, na kamba iachiwe taratibu ili boti isigeuke ubavu. Injini izimwe na kuinuliwa kabla propela haijagonga mawe. Subirini mawimbi makubwa yapite, kisha mtu mmoja ashuke na kamba ya mbele, wengine wafuate mmoja mmoja kupitia mbele. Asisimame mtu yeyote kati ya boti na mawe, hata kama mizigo inaelea! Julai iliyopita nilishuhudia boti ya wageni ikiingia bila nanga ya nyuma. Wimbi la kwanza liliigeuza ubavu, la pili likaijaza, na kijana mmoja alibanwa mguu akijaribu kuisukuma kwa mikono. Majaketi ya kuokolea yalikuwemo, yote mapya, lakini abiria walikuwa wameyakalia kama mito ya viti. Jaketi huvaliwa na kufungwa mikanda kabla ya kuondoka gatini. Ndani ya maji yenye mawimbi ni vigumu mno kulivaa.

Na wanaochoma migebuka huko, wasiokote mafiga majini. Jiwe lililonyonya maji likipata moto hupasuka na vipande huruka usoni. Chukueni mawe makavu ya juu, mbali na mstari wa mawimbi.

Nikiwa hapo hapo, kuna wanaojaza kokoto kwenye viroba na kuzileta mjini kupamba bustani. Samaki wengi wadogo wa ziwa hili, wasiopatikana penginepo duniani, hutaga na kulea katikati ya mawe ya kando. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Gazeti likiutangaza ufukwe bila kutaja hilo, linawaelekeza na wenye viroba.

Ninachoomba ni hiki. Kila picha ya ufukwe mnayochapisha iandikwe mwezi, mwaka na saa ilipopigwa. Mwaka ni muhimu, kwa sababu tangu ziwa lipande miaka ya karibuni kuna fukwe zilizopungua na nyingine zimefunikwa. Halafu mtumeni mpigapicha wenu kwenye ufukwe ule ule, mwezi Julai, saa tisa alasiri, na picha hiyo mwichapishe ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, na chini yake maelezo ya nanga.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma