Ziwa likigeuka: barua kwa Ochieng'

Dallas, Texas
12 Novemba

Ndugu yangu Ochieng',

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tuko salama. Watoto wanarefuka na Kiswahili chao kinafupika, lakini hayo nitakueleza siku nyingine. Natumaini goti la mama limepoa, na kwamba maji ya Ziwa Naivasha hayajarudi mlangoni hapo Karagita.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama samaki besi wa huku ni yule yule wetu na kama anavuliwa vile vile. Nilikuwa kazini, nikakujibu juu juu kwamba ni yule yule. Jibu hilo limenikera tangu siku ile, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia. Samaki ni yule yule, hilo ni kweli: mdomo mkubwa kama wa mwenye deni, mstari mweusi ubavuni, kitoto cha wazazi waliotolewa Marekani wakamwagwa Naivasha miaka ya 1920. Lakini huyu wa huku ana kalenda, wetu hana. Na kalenda yenyewe imeniaibisha mwezi mzima.

Ninapovua panaitwa Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Si ziwa la Mungu kama letu. Walijenga ukuta katikati ya Red River karibu na mji wa Denison, wakaumaliza mwaka 1944, mto ukakosa njia ukatanda. Leo ni kama hekta 36,000 za maji, karibu mara mbili ya Naivasha au zaidi, kutegemea letu limefura kiasi gani mwaka huo. Huko juu mto unakotoka kuna chemchemi za chumvi, kwa hiyo maji yana ladha fulani ukiyaonja. Nimeyaonja, usinicheke.

Pamoja na besi, humo kuna samaki ambaye wewe na mimi hatukumjua: straipa. Ni mrefu, mweupe wa fedha, ana mistari saba au minane myeusi kutoka shavuni mpaka mkiani kama aliyechorwa na rula. Asili yake ni bahari. Huishi Atlantiki na kupanda mitoni kutaga, basi. Lakini miaka ya 1940 walipofunga bwawa huko South Carolina, wengine walinaswa upande wa ndani, watu wakadhani watakufa, wao wakazaa. Hapo ndipo maafisa wa uvuvi katika majimbo mengine walipopata wazo. Oklahoma walianza kuwamwaga Texoma mwaka 1965. Maziwa mengi lazima yaongezewe vifaranga kila baada ya muda, kwa sababu yai la straipa likizama kwenye tope linakufa. Linataka mto wenye mkondo ulibebe kama siku mbili mpaka lianguliwe. Texoma ina mito miwili mirefu ya kufanya kazi hiyo, Red na Washita, kwa hiyo wanajizalia wenyewe. Ni mgeni aliyepewa kiti akaanza kugawa chakula. Nikawaza wale samaki kapi wanaojaza nyavu zenu siku hizi, na wale kamba wekundu wa Louisiana walioletwa Naivasha mwaka 1970. Louisiana ni jirani hapa tu. Kamba wetu wana ndugu zao saa chache kutoka kwangu.

Sasa nikwambie aibu yangu. Wiki ya kwanza ya Oktoba nilienda peke yangu, nikasimama kwenye mawe ya hifadhi ya Eisenhower kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita mchana. Hakuna hata mguso mmoja. Nilirusha chambo bandia cha kila rangi niliyokuwa nayo. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, yana mapovu kandokando, na upepo ukigeuka unasikia harufu ya yai bovu. Nikadhani kuna kiwanda kimemwaga uchafu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, mafuta ya gari yameisha na samaki sina.

Jumatatu nikamsimulia mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani. Mimi humwita Mzee, alipojua maana yake alifurahi sana, sasa haitiki jina lake la kweli. Akanieleza kwamba ziwa lilikuwa linageuka. Wakati wa kiangazi chao jua linachoma miezi mitatu, maji ya juu yanakuwa ya moto na mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Ya chini hayapati hewa. Majani na mizoga inaoza humo, oksijeni inaisha, samaki wote wanabanana tabaka la juu na la kati. Ikija baridi, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, upepo unakoroga, na uozo wote wa chini unapanda. Ndiyo ile harufu. Samaki ambaye jana alikuwa hana pa kwenda ila kina kimoja, leo anaweza kukaa kokote kutoka juu hadi chini, na wewe na ndoana yako moja utamtafuta wapi?

Ndipo nikaelewa kwa nini hatukuwahi kuona kitu hicho nyumbani. Ziwa letu ni la kina kifupi, na unaujua ule upepo wa alasiri unaokufanya upige makasia ukiomba Mungu. Huo unalikoroga Naivasha karibu kila siku. La kwetu hugeuka kila jioni. La huku linangoja mwaka mzima, halafu linageuka mara moja na kumwaibisha mtu wa Karagita.

Mzee akaniambia ningoje upepo wa kaskazini. Nikangoja. Mwishoni mwa Oktoba ukaja: Alhamisi nilikuwa nimevaa fulana, Ijumaa asubuhi nikawa natafuta glavu. Nilitaka twende Ijumaa hiyo hiyo, akakataa. Alisema siku moja kabla ya baridi kuingia samaki hula kama wanaokwenda safari, na siku ya kwanza baada yake, anga likiwa buluu bila wingu, hununa. Twende Jumapili. Hilo la kununa sikuliamini, lakini boti ni yake.

Tulianza na chambo. Huku samaki wote wakubwa wanaishi kwa samaki mmoja mdogo anayeitwa shadi. Mfikirie kama omena aliyenenepa, bapa, anang'aa, harufu yake haitoki mkononi siku mbili. Maji yakipoa shadi huondoka katikati ya ziwa wakaingia kwenye vijito vya pembeni, na kila mwenye meno anawafuata. Hiyo ndiyo kalenda yote, Ochieng'. Mimi mwezi mzima nilikuwa natafuta besi na straipa, kumbe nilipaswa kutafuta chakula chao. Mzee alirusha wavu mara mbili tu katika kijito kimoja, ukafunguka duara kamili kama khanga inapokung'utwa, akaleta kama sitini. Nikawatia kwenye ndoo yangu ya mraba niliyoinunua kwa ajili hiyo. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akanyamaza. Baada ya dakika ishirini nusu yao walikuwa wamegeuza matumbo. Shadi haachi kuogelea, na akifika kwenye kona anaganda hapo, wenzake wanamrundikia juu, wote wanakosa hewa. Tangi la shadi lazima liwe la mviringo. Lake lilikuwa la mviringo. Alikuwa ameniacha nijifunze mwenyewe, mzee yule.

Saa mbili asubuhi tulikuwa karibu na mlango wa kijito, maji nyuzi 18 kwenye kipimo cha boti. Kimya. Mzee hakutazama ile mashine yake ya kuonyesha samaki, alikuwa anatazama juu. Shakwe. Hufika huku wakati wa baridi, na kazi yao ni hiyo hiyo kama yetu. Watatu walikuwa wamekaa juu ya maji wamelala, akasema hao hawajui kitu. Kisha mbali, kama mita mia nne, mmoja akashuka, akapanda, akashuka tena, na wengine wakaanza kumkimbilia kutoka pande zote. Mzee akawasha injini. Tulipofika kama mita sitini akaizima, tukaachia upepo utusukume, maana ukiingia na kelele katikati yao wanazama.

Uliwahi kusimama karibu na sufuria ya mandazi mafuta yakiwa yameshika moto? Ndivyo maji yalivyokuwa. Kipande cha ziwa ukubwa wa kiwanja cha mpira kinachemka, shadi wanaruka hewani kama sarafu zilizomwagwa, chini yao migongo ya kijani inapita, juu shakwe wanapiga kelele ya sokoni. Nilirusha chambo bandia cheupe, hakikuzama hata shubiri moja. Yule straipa hakuuma, alinyakua. Rili, lile gurudumu la mshipi, ikalia. Mkono wangu, Ochieng', ulitetemeka kama siku ile tuliyovuta wavu gizani tukadhani tumepata samaki mkubwa, kumbe kiboko anatutazama.

Ikadumu kama dakika kumi. Kisha pu, maji yakatulia, shakwe wakakaa tena kama hawajafanya kitu. Mimi nilidhani imekwisha. Mzee akafunga kipande cha madini ya risasi chenye umbo la samaki, urefu wa kidole, akakiacha kishuke wima mpaka kikagusa chini, akazungusha rili mara tatu, akakiinua na kukiachia. Wanapoacha kula juu, wengine hukaa chini wakiokota majeruhi wanaozama, na huwa hao ndio wakubwa. Anakula kinaposhuka, sio kinapopanda. Ukingoja kuvutwa umechelewa. Mshipi ukilegea ghafla mahali usipopaswa kulegea, hapo ndipo unapovuta. Nilikosa wanne kabla ya kuamini.

Sheria huku wanaipima kwa rula. Straipa kumi kwa mtu kwa siku, na kati yao wawili tu ndio wanaruhusiwa kufika inchi 20, yaani sentimita 51, au kuzidi. Wa tatu wangu aliyezidi nilimrudisha nikiwa nimeuma midomo. Angalau kwa maji ya baridi anaenda zake mzima. Kiangazi ukimrudisha mara nyingi hufa, joto linammaliza.

Besi tuliwapata mchana, ndani kabisa ya kijito, maji ya kiuno. Yeye hana haraka ya straipa wala hapendi kundi. Hukaa kivulini kwenye kisiki au chini ya gati na kungoja shadi wapite mlangoni kwake. Unapitisha chambo mpaka kigonge kile kisiki, unakiacha sekunde moja. Niliwashika watatu, mmoja kama kilo mbili. Sasa jiandae kucheka: Mzee haruhusu wauawe. Wamarekani wengi wako hivyo. Wanamshika besi, wanampiga picha, nusura wambusu, wanamrudisha. Nilimwambia nyumbani huyo ni mboga. Akasema straipa ni mboga, besi ni rafiki. Sijamwelewa mpaka leo, ila nilimtii.

Kwenye meza ya kusafishia ndipo nilipozua mjadala. Wanakata mnofu wa pande mbili, wanatoa ile nyama nyekundu ya ubavuni yenye ladha kali, halafu kichwa na mifupa vinakwenda kwenye pipa. Pipa, Ochieng'. Vichwa vya straipa vyenye mashavu kama ngumi! Nikawaomba wale jamaa wa meza ya pili vya kwao. Walinipa huku wakitazamana. Niliondoka na vichwa kumi na saba, na jioni mke wangu akavipika na nyanya na pilipili, na ugali wa unga tunaonunua duka la Wakenya. Mzee nilimpelekea bakuli kazini. Alikula jicho.

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Kabla ya kuondoka ziwani sheria inataka ufungue vizibo vyote vya boti, maji yatoke mpaka tone la mwisho, kwa sababu ya kome wadogo wa gamba lenye milia walioonekana humo mwaka 2009. Wamejibandika kila jiwe, wanakata mshipi na viatu, na wanasafiri ndani ya maji yaliyosahauliwa botini. Nilipokuwa nimechuchumaa nikitazama maji yakidondoka nilikumbuka jinsi sisi tulivyokuwa tukibeba samaki hai kwenye ndoo kutoka bwawa la shamba hadi ziwani, tukiona tunasaidia.

Binamu yangu anakuja nyumbani Desemba. Nimempa vipande sita vya risasi na chambo bandia viwili vyeupe akuletee. Vijaribu pale karibu na mafunjo, asubuhi kabla ya upepo. Halafu nifanyie kitu: ukimpasua besi wa kwanza, angalia tumboni uniambie ni nini hasa, kamba wekundu, vitoto vya tilapia au kapi. Mzee ameweka dau kwamba ni kamba. Mimi nimesema kapi, na nimeweka chakula cha mchana.

Nisalimie mama na wote wa kule Kamere.

Wako,
Barasa