Ukurasa wa mashairi unasomwa kimya, na unachapwa vibaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ukurasa mwingine wa gazeti hilihili, ule wa mashairi. Wasomaji wengi huupita. Wanaousoma nao husoma kimya, macho yakishuka mbio kama mtu anayekagua risiti ya duka, kisha husema mashairi hayana utamu. Utamu upo, lakini umekaa kwenye sauti. Lawama naigawa mara mbili: msomaji hakufundishwa kulisoma shairi, na chumba cha habari hulichapa kwa namna inayomkwamisha hata yule aliyefundishwa.

Nianze na msomaji. Shairi lililozoeleka zaidi gazetini ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi, nusu yake kwenye ukwapi, kipande cha kwanza, na nusu kwenye utao, kipande cha pili, na katikati pana mkato, pa kutua. Mshororo huu nimeutunga kwa ajili ya mfano tu:

Takwambia neno moja, uliweke akilini

Hesabu kwa vidole: ta-kwa-mbi-a, ne-no, mo-ja, nane. U-li-we-ke, a-ki-li-ni, nane. Sasa sikiliza mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Basi kipande cha mizani 8 kikiishia na neno la silabi mbili au zaidi, mkazo wake wa mwisho lazima uangukie mizani ya 7, na ile ya 8 inayobeba kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana na za mishororo mingine, hushuka taratibu. MO-ja. Akili-NI wala a-KI-lini hazisikiki, husikika aki-LI-ni. Mshororo baada ya mshororo pigo linarudi palepale, na mwili wa msikilizaji huanza kulingojea kabla halijafika. Ngoma ya shairi ni hiyo, na jicho peke yake haliisikii.

Pumzi ni moja kwa mshororo mmoja. Penye mkato tua kidogo bila kuvuta hewa, na mwisho wa mshororo ndipo uvute. Makosa ya wanaoanza ni mawili na yanapingana. Mmoja huvuta pumzi kwenye mkato, ukwapi ukaachana na utao, na maana ikakatika katikati ya sentensi. Mwingine hauoni mkato kabisa, na tarbia ikageuka taarifa ya habari. Pale ambapo maana inavuka mkato bila kusimama, malenga, yaani mshairi, hodari huvuta kidogo irabu ya mwisho ya ukwapi badala ya kunyamaza. Hapo kina kinasikika na maana haikatiki.

Hesabu nayo ina mitego. M na n zinazosimama peke yake ni mizani kamili: mtu ni mizani mbili, nchi ni mbili. Lakini nyumba nayo ni mbili tu, nyu-mba, kwa sababu pale hakuna m wala n iliyosimama yenyewe. Irabu zinazofuatana kila moja ina haki yake, ndiyo maana kaa ni mbili na shairi ni tatu. Mtego mkubwa uko kwenye maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizogongana, kama labda na daktari. Ukikuta mshororo umepungua mizani moja, usiharakishe kumhukumu mshairi. Tazama kwanza kama kuna neno la aina hiyo, ulisome labuda au dakitari, uone kama hesabu haikutimia.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, achague shairi la beti tano hadi nane. Mara ya kwanza alisome kimya na kuyapigia mstari maneno magumu, ayatafute yote kabla ya kuendelea, maana ulimi unaosita kwenye neno huvunja ubeti mzima. Mara ya pili ahesabu mizani ya ubeti wa kwanza peke yake, ili sikio lishike kipimo. Mara ya tatu asome kwa sauti, polepole kuliko anavyodhani inafaa. Mahadhi, yaani sauti ya kuimbia, yaje mara ya nne, si kabla. Wanaoanza na mahadhi hujificha nyuma ya sauti nzuri, nawe ukiwauliza shairi lilisema nini hawana jibu. Wakiwepo watu wengine chumbani, mmoja asome na wote wadakie kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Shairi lenye kibwagizo kisichobadilika limetengenezwa hivyo makusudi, na kusomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho ni kulionea.

Utenzi una mwendo wake. Ubeti ni vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hushika kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Soma vipande viwili kwa pumzi moja, kisha viwili vingine. Ukisimama sawasawa baada ya kila kipande, ubeti utatoka kama orodha ya mahudhurio. Kwa mwendo wa wastani ubeti mmoja huchukua kama sekunde 10 pamoja na pumzi, hivyo beti 100 ni robo saa na dakika chache juu yake. Utendi wa Mwana Kupona, ulioandikwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, una beti zaidi kidogo ya 100. Humalizika kabla chai haijapoa sana, na bado tunawapa wanafunzi beti tatu za kujibia mtihani.

Wazee waliotuachia mashairi haya hawakutegemea kwamba karatasi peke yake ingetosha. Hati za Kiarabu zilivyotumika zamani kuandikia Kiswahili hazikutenganisha i na e, wala u na o. Aliyeshika mswada alihitaji kulijua neno kwa sikio ili alitambue kwa jicho. Ubeti mzima wa utenzi mara nyingi uliandikwa kwenye mstari mmoja au miwili, na vina ndivyo vilivyomwonyesha msomaji pa kutua. Watunzi wengi wa tendi walitaja pia mwishoni idadi ya beti zao. Kwa hesabu hiyo, mnakili akiangusha ubeti anajulikana. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, mashairi yake yalikusanywa baadaye sana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na mmisionari W. E. Taylor, mengi yakitolewa vichwani mwa watu. Yangekuwa yanasomwa kimya tu, leo tusingekuwa nayo.

Sasa nakuja kwenu, Mhariri.

La kwanza ni usahihishaji. Katika magazeti yetu kuna mkono, sijui ni wa mtu au wa programu ya kompyuta, unaoyanyoosha maneno ya washairi yawe sanifu. Mfano wangu wa hapo juu ukipita kwenye mkono huo utatoka: “Nitakuambia neno moja.” Mizani nane zimekuwa kumi. Takwambia ni inkisari. Mshairi ameibana nitakuambia kutoka silabi sita hadi nne kwa kujua anachofanya, kama anavyoandika kweleza badala ya kueleza, au alonambia badala ya aliyeniambia. Vivyo hivyo anaporefusha nenda ikawa enenda, hiyo ni mazida, si kosa la chapa. Kanuni ya mezani ni rahisi: kabla hujagusa neno, hesabu mizani. Zikitimia jinsi lilivyo, liache. Zisipotimia, mpigie simu mwenye shairi.

Maneno ya lahaja yanateseka vilevile. Mshairi wa Mombasa au Lamu akiandika mato, kitwa, tini, anasema macho, kichwa, chini. Akiandika ndia na ndoo, ni njia na njoo. Msomaji akishajua kwamba t ya huko mara nyingi ni ch ya Kiunguja, na nd wakati mwingine ni nj, nusu ya ugumu imeondoka bila kufungua kamusi. Kuyabadilisha maneno hayo ni hatari hasa yakiwa mwishoni mwa kipande. Mato yanaweza kuwa yamefungwa kina na mapato na mito. Weka macho, na kina kimekufa. Kinachotakiwa ni maelezo mafupi chini ya shairi, maneno matano au sita na maana zake. Hayali nafasi. Na hicho kidoti cha ng’ msikiangushe: ngoa ni tamaa au wivu, ng’oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Nimeviona vikibadilishana nafasi kwenye shairi la mapenzi, na matokeo yake hayakuwa ya mapenzi.

La pili ni upana wa safu. Mshororo wangu wa mfano, ukihesabu herufi, alama na nafasi, ni 36. Safu nyembamba ya gazeti haiwezi kuubeba, kwa hiyo kompyuta huukata popote inapoishiwa nafasi, mara nyingine neno moja likabaki peke yake mstari wa chini. Msomaji anayefuata kwa sauti anajikwaa hapo, hajui kama ni mshororo mpya. Tiba ni kukata kwa mkono penye mkato, ukwapi juu, utao chini yake ukisogezwa ndani kidogo. Ubeti utakuwa mistari minane badala ya minne, na kati ya beti iachwe nafasi. Ndiyo, karatasi itatumika zaidi. Afadhali mashairi matatu yanayosomeka kuliko sita yaliyosongamana kama daladala la jioni. Shairi la vipande vitatu, ukawafi, linahitaji uangalifu huohuo mara mbili.

La tatu ni majibizano, raha ya zamani ya magazeti ya Kiswahili. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wamezitumia kurasa za namna hii kuulizana na kujibizana hadharani. Jibu hufuata bahari ya swali, yaani umbo lake, na mara nyingi hata vina vyake, kwa hiyo nusu ya ufundi wa anayejibu haionekani kama swali halipo mbele yako. Gazeti huchapa jibu wiki nne baadaye bila kusema ni jibu la nini. Andikeni juu yake jina la shairi linalojibiwa na tarehe lilipotoka, na mrudie kuchapa ubeti wake wa kwanza tu. Sikio litamaliza lililobaki.

Anayetaka sheria za utunzi kwa kirefu ana kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Nakala moja ingefaa kukaa kwenye meza ya anayepanga ukurasa huo. Mashairi huru, yasiyofungwa na vina na mizani, siyagusi hapa. Nayo yanadai sauti, lakini vipimo vyake ni vingine.

Na mnapokosea, kwa sababu mtakosea, msituandikie kwamba “neno la tatu katika mshororo wa pili lisomeke vingine”. Gazeti la juzi limeshafungia maandazi. Chapeni upya ubeti wote.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa mashairi,
Tanga