Vijana mliooa, aya mnaisoma nusu

Assalamu alaikum wanangu wa hapa Arua, na nyinyi wa Koboko, Bombo na Kisenyi pia mnisikie, maana tabia ni ileile.

Juzi tulikaa kwenye baraza ya msikiti kusuluhisha kijana mmoja na mkewe. Binti wa watu hakuongea sana, alitoa tu daftari la duka akaliweka mkekani: sukari nusu kilo, kipande cha sabuni, unga wa posho, dawa ya mtoto, yote deni, yote kwa jina lake yeye. Bwana amekaa na kanzu imepigwa pasi, simu inawaka kila saa kwa meseji za beti, tulipomuuliza unasemaje akatusomea "Ar-rijaalu qawwaamuuna alan-nisaa", yaani wanaume ni wasimamizi wa wanawake, kwa tajwidi kabisa, halafu kimya. Nikamwambia endelea. Akanitazama tu.

Jamani, Suratun Nisaa aya ya 34 haikomei hapo! Inaendelea kutaja fadhila za Mwenyezi Mungu, na inataja mali ambazo wanaume wanazitoa. Sasa wewe nusu ya amri unaijua kwa moyo na nusu ya kutoa pesa imekushinda kuhifadhi?

Na sisemi mjenge maghorofa Kampala. Nafaka, yaani matumizi ambayo mume ni lazima ampe mkewe, ni chakula, nguo na pa kulala, kwa kadiri yako, Suratut Talaq aya ya 7 imesema mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa. Najua boda nyingi ni za mkopo na mwenyewe anataka hela yake kila wiki, najua mafuta yamepanda. Siku hukupata abiria ukaleta sombe na mihogo, umefanya wajibu wako mwanangu, akikusema mtu sisi wazee tutakutetea. Ila pesa imeingia, ukaipeleka kwenye mechi za Uingereza, ukarudi saa nne usiku kuuliza chakula kiko wapi, hapo hatutetei mtu.

Mnamjua Hind, mke wa Abu Sufyan? Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika bwana ni bahili, hampi ya kumtosha yeye na watoto. Akaambiwa achukue katika mali ya mume kinachowatosha kwa wema. Hakuambiwa avumilie! Na kwa madhehebu yetu ya Shafii nafaka ambayo hukutoa inabaki deni shingoni mwako, ni yake anakudai, hata mkiachana.

Halafu hela yake ya sokoni. Anauza nyanya, anauza samaki mkavu, ni mali yake hiyo, wewe huna fungu. Zaynab mke wa Ibn Masud alikuwa na chake na mumewe hana kitu, akauliza kama akimpa inafaa, Mtume akasema ana ujira mara mbili, wa undugu na wa sadaka. Umesikia, sadaka. Kwa hiyo mkeo akilipa kodi ya nyumba sema asante kwa adabu, usijifanye ni haki yako.

Mengine mnayajua, basi tu hamfanyi. Usimpige usoni. Usimtukane. Mkikosana usihame kwenda kulala kwa rafiki. Saidia kazi, Bibi Aisha alisema Mtume nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Na mke wa pili, kama mmoja anakula kwa deni, huyo wa pili atakula nini?

Sisi wakubwa nasi tuna lawama. Harusi tunachanga mpaka tunakodi mahema na spika, baada ya mwezi hakuna anayeuliza kama jiko linawaka. Khutba zinawahimiza wanawake subira, wanaume tunawasalimia tu. Katiba ya Uganda ya 1995 ilizitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi, lakini kesi bado zinatujia barazani, na sisi hatuna nguvu ya kumlazimisha mtu kutoa hata shilingi.

Kwa hiyo mimi kuanzia sasa, nikiitwa kuwa shahidi wa nikahi nitamuuliza bwana harusi mbele ya wazee wa pande zote: unafanya kazi gani, utamlisha nini, na unabeti? Anayeona namsumbua atafute shahidi mwingine.